Milima ya Mwezi bila Wanyamwezi

Wadau, leo nina la moyoni na nitalisema bila kuremba. Nimechoshwa na filamu za "wagunduzi wa Afrika". Nimechoshwa na yule Mzungu mwenye ndevu na shati lililochanika begani, anayesimama juu ya mwamba, muziki unapanda, kamera inazunguka, halafu ziwa linatokea kana kwamba limeumbwa dakika ile ile kwa ajili yake. Nyuma yake wamesimama watu arobaini na mizigo kichwani. Hawana majina. Hawana la kusema. Kazi yao ni kumtazama Mzungu akitazama ziwa.

Ninayoizungumzia hasa ni Mountains of the Moon, filamu ya mwaka 1990 iliyoongozwa na Bob Rafelson. Wengi wa rika langu hatukuiona kwenye majumba ya sinema. Tumeiona kwenye DVD za kuchoma na baadaye kwenye mtandao. Inahusu safari ya Richard Burton na John Hanning Speke, waliotoka pwani yetu mwaka 1857 kwenda bara kutafuta chanzo cha Mto Nile. Burton kaigizwa na Patrick Bergin. Speke kaigizwa na Iain Glen, yule yule ambaye wapenzi wa Game of Thrones mnamjua kama Jorah Mormont.

Nisieleweke vibaya. Ni filamu nzuri. Picha zake ni safi, waigizaji wanaijua kazi, na kuliko nyingi za aina yake inajitahidi kumwonyesha Burton kama mtu aliyependa lugha za watu na kukereka na majivuno ya wakubwa wa London. Ingekuwa mbovu nisingepoteza muda wangu. Filamu mbovu hujizika yenyewe. Nzuri inayopotosha ndiyo ya kuogopa, maana inakaa kichwani miaka, na ukiulizwa historia unajibu filamu.

Tuanze na jina. "Milima ya Mwezi" ni jina la kale. Ptolemy, mtaalamu wa jiografia aliyeishi Misri karne ya 2, aliandika kwamba Nile unapata maji yake kutoka maziwa yanayolishwa na theluji ya milima hiyo. Siku hizi wengi huihusisha na Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo. Sasa sikilizeni: katika safari ile Burton na Speke hawakufika Ruwenzori. Hawakuiona hata kwa mbali. Mwezi waliokutana nao ulikuwa mwingine kabisa: Unyamwezi. Walipita katikati ya nchi ya Wanyamwezi, wakabebewa mizigo na Wanyamwezi, wakala chakula cha Wanyamwezi, wakakaa miezi Kaze, mahali ambapo leo panaitwa Tabora. Filamu imeichukua milima ambayo mastaa wake hawakuifikia, ikaiweka kwenye bango. Watu wa mwezi waliowafikisha walikofika imewapa kazi ya kupita nyuma ya mastaa wakiwa na mzigo.

Wala hata nchi yenyewe hamtaiona. Filamu ilipigwa Kenya na Uingereza. Hilo si dhambi, filamu hupigwa popote palipo na vibali na hoteli. Lakini mtu wa Tabora akiitazama atajiuliza ni wapi huku. Iko wapi miombo? Iko wapi mizinga ya nyuki juu ya miti? Iko wapi miembe ambayo misafara iliiacha nyuma yake kuanzia pwani hadi Ujiji, ambayo hadi leo ndiyo kivuli cha mji?

Haya, tuingie kwenye kiini.

Katika filamu, msafara unaangukia mikononi mwa mtawala mkatili aitwaye Ngola. Ni yule mfalme wa sinema tunayemjua wote: anakaa kwenye kiti, anatoa macho, hueleweki utapewa maziwa au utakatwa kichwa. Hapo ndipo Mabruki, aliyeigizwa na Delroy Lindo, anapopata mateso na kufa. Watazamaji wanalia. Nami nakiri tukio hilo limeigizwa vizuri sana.

Shida ni kwamba Ngola hakuwepo. Na Mabruki hakufa katika safari hiyo. Mabruki wa kweli alirudi salama, na mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipofika Zanzibar kutafuta watu wa kumpeleka bara, Mabruki alikuwa miongoni mwa wale wazoefu wa misafara ya Speke aliowaandika kazi. Yaani filamu imemuua mtu aliyekuwa bado na safari nyingi mbele yake. Kwenye mabanda yetu ya video tunasema stelingi hafi. Huku Hollywood sheria ni moja zaidi: Mwafrika mwema lazima afe ili stelingi apate sababu ya kulia.

Na mahali pa Ngola kulikuwa na nini katika historia? Kulikuwa na Kaze. Burton na Speke waliingia Kaze tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu kuondoka pwani. Walipokelewa na mfanyabiashara Mwarabu wa Omani aitwaye Snay bin Amir. Mtu huyo aliwatafutia nyumba, akawatunzia mizigo, akawasaidia kupata wapagazi wapya, akakaa na Burton barazani jioni baada ya jioni wakizungumza Kiarabu. Alimsaidia hata kukusanya msamiati wa lugha za bara. Mwaka 1858, Speke alipokwenda kaskazini kwa wiki kama saba na kuliona lile ziwa kubwa tarehe 3 Agosti, Burton hakuwa mateka wa mtu. Alikuwa mgeni Kaze, anaandika, anauliza, anatunga orodha zake za maneno.

Sasa niambieni. Mtunzi anayo nyumba ya udongo yenye baraza, kahawa, vitabu, pembe za ndovu uani, wapagazi wanaobishana bei nje, na watu wa mataifa manne wanaozungumza siasa za biashara. Anaiacha. Anachagua mfalme wa kutoa macho. Kwa nini? Kwa sababu mtazamaji wa London na Los Angeles akiiona Kaze jinsi ilivyokuwa, swali la kwanza litakalomjia ni hili: kama watu hawa wote walikuwa tayari wapo hapa, mnagundua nini?

Na jibu lake linauma. Wakiwa Kaze, Snay bin Amir aliwaeleza wazi kwamba ile ramani ya wamisionari iliyoonyesha ziwa moja kubwa lenye umbo la konokono haikuwa sahihi. Yalikuwa maziwa matatu tofauti, na lile la kaskazini lilikuwa kubwa kuliko Tanganyika. Habari hiyo ilikuwa ya kawaida kwa wafanyabiashara wa njia ile, kama leo dereva wa lori anavyojua Kahama iko wapi. Kwa hiyo chanzo cha Nile, kwa sehemu kubwa, kilipatikana barazani Tabora, kwa mdomo wa mtu aliyekuwa anakunywa kahawa. Kwenda Mwanza ilikuwa kuhakikisha.

Nitaongeza na hili. Msafara ulipofika juu ya Ujiji tarehe 13 Februari 1858, "wagunduzi" wetu walikuwa katika hali gani? Burton alikuwa mgonjwa, kwa miezi kadhaa hakuweza kutembea vizuri, alikuwa akibebwa kwenye machela. Speke alikuwa na ugonjwa wa macho na hakuweza kuliona ziwa sawasawa. Burton mwenyewe ameandika kwamba aliuona mstari unaong'aa chini kule, akauliza ni nini, na Sidi Mubarak Bombay ndiye aliyemwambia kuwa ni maji. Mmoja anabebwa, mwingine haoni, wa tatu anatembea kwa miguu yake na anawaeleza wanachokitazama. Vitabu vikaandika jina la yupi? Na ghuba ya ziwa letu kule Mwanza hadi leo inaitwaje kwenye ramani? Ghuba ya Speke.

Tumzungumzie huyo Bombay. Filamu imempa nafasi, kaigizwa na Paul Onsongo, na anapendeza. Lakini anapendeza kama chumvi kwenye mboga ya wengine. Bombay alikuwa Myao. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa pwani, akapelekwa India. Bwana wake alipokufa akawa huru, akarudi Zanzibar, akajiunga na askari wa Sultani. Mwaka 1857 akaenda na Burton na Speke. Mwaka 1860 akarudi tena bara na Speke na Grant, safari iliyoishia Misri. Mwaka 1871 akawa mkuu wa watu wa Stanley. Mwaka 1873 akaondoka na Verney Lovett Cameron, wakalivuka bara zima kutoka Bagamoyo hadi pwani ya Angola, wakafika mwaka 1875. Baadaye Chama cha Kijiografia cha Uingereza kilimpa pensheni. Alifariki mwaka 1885.

Jamani, huyu si mhusika msaidizi. Mtoto aliyetekwa, akavushwa bahari, akarudi, halafu akatembea Afrika kuliko karibu wagunduzi wote waliomwajiri! Burton alipita njia hii mara moja. Bombay aliipita mara nne, na kila mara na Mzungu mwingine anayedhani ni wa kwanza. Stelingi wa historia hii anajulikana. Ni kamera tu iliyokataa kumgeukia.

Na kuna jambo ambalo, kama mwandishi wa habari, ndilo lililonisukuma kuandika haya. Filamu inajenga ugomvi wote wa Burton na Speke juu ya heshima: nani aliona ziwa, nani aliwahi London, nani alimsaliti nani, hadi kifo cha Speke kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo wao mjini Bath. Sawa. Lakini kulikuwa na ugomvi mwingine ambao sikuuona ukipewa nafasi. Ugomvi wa mshahara.

Waliporudi Zanzibar mwaka 1859, baadhi ya watu waliosafiri nao miezi yote ile walisema hawakulipwa walichoahidiwa. Burton akasema hawastahili, kwamba walifanya utovu wa nidhamu na wengine walitoroka. Balozi mpya wa Uingereza Zanzibar, Christopher Rigby, akaandika kwa serikali ya Bombay, kule India, kuyapeleka malalamiko yao. Speke akasimama upande wa Rigby. Burton akakemewa na wakubwa wake, na barua hizo akazichapisha mwenyewe mwishoni mwa kitabu chake cha mwaka 1860. Kwa hiyo si uvumi wa vijiweni, ni kumbukumbu ya maandishi. Siri ya Nile ilitafutwa kwa migongo ya watu waliolazimika kudai jasho lao ofisini kwa balozi. Hebu niambieni kama hilo halina mvuto wa filamu, katika mji kama Dar ambako kila mtaa una kijana aliyefanya kibarua miezi mitatu na "bosi" hapokei simu.

Maana hawa wapagazi nao wamesingiziwa mno. Kwenye filamu hizi utawaona kama watumwa, au kama watoto wanaoogopa giza na kukimbia usiku. Ukweli ni kwamba wapagazi wa Kinyamwezi wengi walikuwa watu huru waliofanya kazi ya kulipwa. Wanyamwezi wenyewe ndio waliokuwa wakishuka pwani na pembe zao kuanzia miaka ya 1800, kabla wafanyabiashara wa pwani hawajaweka makao Unyanyembe. Mzigo ulikuwa kama kilo 30, njia ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni kilomita kama 1,200, na mbele ya msafara alitangulia kirangozi aliyejua kila kisima. Walijua thamani ya kazi yao. Walipandisha bei. Waligoma. Mwajiri akivunja makubaliano, walishusha mzigo wakaondoka, naye akaenda kuandika kitabuni kwamba "wametoroka". Mwanahistoria Stephen Rockel ameandika kitabu kizima juu yao mwaka 2006, Carriers of Culture, akiwaonyesha kama wafanyakazi wenye ujuzi na utamaduni wao wa kazi. Kwa lugha ya leo: walikuwa na chama bila kuwa na ofisi.

Na hongo je? Katika kila filamu ya safari kuna chifu mwenye tamaa anayezuia msafara mpaka apewe nguo na shanga. Ndugu zangu, hongo wakati ule lilikuwa jina la ushuru. Ulikuwa unapita kwenye nchi ya mtu, unakunywa maji ya visima alivyochimba katika Ugogo mkavu, unalipa kwa merikani, kaniki na shanga. Leo lori likivuka mpaka likatozwa, hatusemi ofisa wa forodha ni mtawala mkatili wa kabila la kutisha. Ila neno letu lenyewe, hongo, limeshushwa cheo mpaka likawa rushwa. Wageni walilalamika kwa miaka mingi sana, na mwisho kamusi ikawaamini.

Ukitaka kisa cha hongo, Tabora inacho. Karibu mwaka 1860 mtemi wa Unyanyembe, Mnywa Sere, alianza kuwatoza kodi wafanyabiashara Waarabu. Wafanyabiashara wakakasirika, wakashiriki kumwondoa na kumweka Mkasiwa aliyewafaa zaidi. Mnywa Sere akaingia msituni akapigana, na katika vita hivyo ndipo Snay bin Amir, mwenyeji wetu wa barazani, alipouawa. Mtawala anataka kuwatoza wawekezaji, wawekezaji wanamtafuta mtawala mwingine. Nani alisema historia ya Tabora haina mvuto kwa vijana wa leo?

Baadaye akaja Mirambo wa Urambo. Mwaka 1871, Stanley akiwa njiani kumtafuta Livingstone, alikuta njia imefungwa kwa vita vya Mirambo na Waarabu. Huyu Stanley alikuwa mwandishi wa habari, katumwa na gazeti la New York Herald. Alifanya nini? Aliinua bendera ya Marekani akaingia vitani upande wa Waarabu. Wakapigwa. Agosti mwaka huo Mirambo akaishambulia Tabora yenyewe na sehemu yake ikateketea. Mwenzangu katika fani, umetumwa kuandika habari, unashika bunduki? Lakini filamu maarufu ya mwaka 1939, Stanley and Livingstone, ambamo Spencer Tracy ni Stanley, imemfanya mwandishi huyo malaika wa maadili, na akina mama wa nyakati zile wakapangusa machozi.

Tukija kwa Livingstone mwenyewe, hapo ndipo ninapotaka kulia kweli. Alifia kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Filamu nyingi zingeishia hapo. Lakini hapo ndipo hadithi kubwa inapoanza. Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao walimzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga, wakaanza kutembea. Walipofika Unyanyembe walimkuta Cameron, akawashauri wamzike pale pale. Wakakataa. Wakaendelea mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874, miezi tisa tangu kifo. Aprili mwaka huo Jacob Wainwright alikuwa miongoni mwa waliolishika jeneza Westminster Abbey. Baadaye alirudi Afrika, na alifia Urambo mwaka 1892. Mtu aliyeshika jeneza kati ya mabwana wa London amelala mkoani Tabora, na mimi nina uhakika wengi wenu ndio kwanza mnalisoma jina lake.

Ukienda Kwihara, nje kidogo ya mji, utakuta tembe ambalo Stanley na Livingstone walikaa, na ni makumbusho. Inaitwa kwa jina la Livingstone. Sina ugomvi na mzee wa watu. Ila yeye alikuwa mgeni pale. Ni wapi duniani nyumba huitwa kwa jina la mgeni, na wenyeji wakawa maelezo madogo ukutani?

Najua mtakayoniambia, kwa hiyo niwahi.

Mosi: "Ni burudani tu, acha uchoyo." Sawa, lakini muulize yeyote aliyemaliza shule nani aligundua Ziwa Victoria. Atajibu Speke kabla hujamaliza swali, hata kama amezaliwa Mwanza na babu yake alivua samaki humo. Burudani hiyo imefanya kazi ya mwalimu, tena mwalimu asiyesahihishwa na mtu.

Pili: "Wazungu ndio walioandika, sisi hatuna vyanzo." Uongo. Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makao Tabora, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili na yakachapwa. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Ujerumani mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli, masimulizi ya wenyewe kwa lugha yao. Humo yumo Sleman bin Mwenye Chande akieleza safari yake ya bara, na yumo Selim bin Abakari aliyekwenda Urusi na Siberia mwaka 1896 na Mjerumani aitwaye Bumiller. Mtu wa pwani yetu, kwenye baridi ile, anaandika anachokiona. Hakurudi akidai ameigundua Siberia, wala hakuna ghuba ya Urusi inayoitwa Ghuba ya Selim.

Tatu: "Unataka kuwasafisha Waarabu na watemi." Hapana, na hapa nisikilizwe vizuri. Njia ile ile iliyopitisha pembe ilipitisha watu wenye minyororo. Kaze ya kahawa na baraza ilikuwa pia Kaze ya watumwa. Ndiyo maana mwaka 2006 njia hiyo iliwekwa kwenye orodha ya awali ya UNESCO ikiwa njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Bombay mwenyewe alikuwa mtoto aliyetekwa. Mirambo naye hakuwa mtakatifu. Rugaruga wake waliacha vijiji majivu. Ninachodai ni watu kamili, wenye hesabu zao, ukatili wao, ucheshi wao na akili zao. Ngola wa kutoa macho hana dhambi hata moja ya kweli, kwa sababu si mtu.

Nne: "Hela ya kutengeneza filamu ya historia iko wapi?" Hili ndilo gumu, silibezi. Lakini mwaka 2021 Amil Shivji alituletea Vuta N'kuvute, kutoka riwaya ya Adam Shafi, Zanzibar ya miaka ya 1950, kwa Kiswahili, ikafika hadi tamasha la Toronto. Kwa hiyo inawezekana. Na filamu ya Kaze haihitaji vita ya watu elfu. Inahitaji nyumba moja ya udongo, baraza, sinia la kahawa, wageni wawili wagonjwa, mwenyeji anayejua zaidi yao, na Bombay mlangoni anayewaelewa wote. Tembe zipo. Miembe ipo. Waigizaji wanaoweza kubishana kwa Kiswahili, Kinyamwezi na Kiarabu kidogo wapo tele.

Kilichokosekana ni sisi kuamini kwamba hadithi ni yetu. Tunawalaumu akina Rafelson, na wanastahili, lakini Rafelson alitengeneza filamu ya watu wake, kuhusu watu wake, kwa pesa za watu wake. Sisi miaka yote hiyo tumetengeneza filamu ngapi kuhusu mjomba anayelogwa na dada aliyenyang'anywa bwana Mikocheni? Sizikejeli, nazitazama. Ila kati ya mia moja, hata moja isiende Tabora?

Kwa hiyo wito wangu ni huu. Kama unasoma filamu au fasihi chuoni, chukua Bombay uandike kurasa kumi za kwanza. Kama una kamera, panda treni ya kati. Njia yake inaifuata ile ya misafara kwa sehemu kubwa, na ilifika Tabora mwaka 1912. Kama una mzee Urambo, Sikonge au Nzega, mkalie kitako umrekodi kabla hajaondoka na maktaba yake. Kama ni mwalimu, siku ukiuliza nani aligundua ziwa, mpe maksi zote mtoto atakayejibu kwamba halikuwa limepotea.

Mkifika Tabora, ulizeni mahali ilipokuwa Kaze, kisha mniambie mmeonyeshwa nini. Na msirudi bila asali.